Mdakaji na Kazi Yake ya Kuchutama

Siku za kupakia nazi pwani ya Kilindoni, mtu apendaye kuona ustadi wa mikono asimtazame anayerusha, bali amtazame yule aliyesimama ndani ya jahazi akipokea; maana nazi humjia mbili mbili, zimefuatana kama shanga, naye hazikamati kwa nguvu wala hazikwepi, huziacha zimrudishe mikono nyuma kidogo, kisha akazilaza falkani pasina hata moja kupasuka. Mpokeaji mmoja alipata kunionyesha kiganja chake, na kidole cha pete kilikuwa kimepinda kikabaki vivyo hivyo. "Hiki kilikwenda na nazi ya kusi lililopita," akasema, akarudi kazini.

Kidole kile kilinikumbusha kazi ambayo watu wengi wa Mafia hawajapata kuisikia, nayo ni kazi ya mdakaji katika mchezo wa besiboli, ambao Wamarekani na Wajapani wanauhusudu kama sisi tunavyouhusudu mpira wa miguu. Mrushaji husimama juu ya kichuguu, umbali wa mita 18 na nusu hivi kutoka kwa mpigaji mwenye rungu, akautupa mpira mgumu wa ngozi usiotimia gramu 150, na akiwa hodari huutupa kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa. Nyuma ya mpigaji amechutama mdakaji. Yeye peke yake ndiye anayewatazama wenzake wanane ilhali wao wote wameelekea upande wake, mithili ya nahodha akaaye tezi akaiona jahazi nzima mbele yake. Na ndiye anayempa mrushaji shauri la kutupa mpira wa namna gani na wapi, kwa ishara za vidole alivyovificha baina ya mapaja. Huchutama takriban mara 150 katika mchezo mmoja, na aghalabu magoti yake huzeeka kabla yake mwenyewe.

Wadakaji wa kwanza, katika karne ya 19, walidaka kwa mikono mitupu. Walikaa mbali nyuma ya mpigaji wakiungoja mpira udunde, na aliyethubutu kusogea karibu alijua kuwa vidole vyake, na pengine meno yake, ni sehemu ya gharama. Mwaka 1877 Fred Thayer, nahodha wa timu ya chuo cha Harvard, aliichukua barakoa ya waya waivaayo wachezao vitara, akaigeuza imfae mdakaji wake James Tyng. Na baadhi ya watazamaji, badala ya kushukuru, wakaifanyia mzaha, kwa kuwa waliuona ni woga. Dhihaka kama hiyo ilimfika Roger Bresnahan wa New York Giants mwaka 1907, alipotokea uwanjani amejifunga kinga za ugoko. Mimi sijaona kejeli ya kipuuzi kuliko ya mtu aliyekaa kitini kumcheka mwenziwe ambaye ugoko wake umo hatarini.

Katika wote waliovaa barakoa hiyo, wengi humtaja Yogi Berra wa New York Yankees, aliyetwaa ubingwa mara 10 akiwa mchezaji, na hilo si jambo dogo. Lakini simulizi inayonikaa rohoni ni ya Josh Gibson. Huyu alizaliwa Georgia mwaka 1911, akadakia timu za watu weusi, Pittsburgh Crawfords na Homestead Grays, kwa sababu ligi kubwa za Marekani zilikuwa zimemfungia mlango kila mwenye ngozi kama yake, awe na kipaji cha namna gani. Alifariki tarehe 20 Januari 1947, umri wake miaka 35. Na tarehe 15 Aprili mwaka ule ule Jackie Robinson akaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, na mlango ukafunguka. Miezi mitatu haikutimia baina ya mazishi na ufunguzi. Mwaka 2024 wakuu wa besiboli waliziingiza hesabu za ligi za weusi katika daftari lao, ikadhihirika kuwa Gibson, kwa wastani wa mapigo 372 katika kila majaribio 1,000, ndiye aliye juu ya wote, hata juu ya Ty Cobb, aliyekuwa ameshikilia nafasi hiyo miaka na miaka. Haki hiyo ilimkuta kaburini, miaka 77 baada ya kufa kwake.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki mchezo huu umestawi zaidi Uganda. Mwaka 2011 vijana wa huko walipata haki ya kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye mashindano ya dunia ya watoto, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata wenzao wa Lugazi wakafika, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza hapo, na wakawafunga vijana wa Oregon 3-2. Mwaka 2022 Ben Serunkuma na Umar Male wakasajiliwa na Los Angeles Dodgers. Hao, hata hivyo, ni warushaji, na sifa za warushaji zina wasemaji wengi.

Mdakaji ni Dennis Kasumba, kijana aliyelelewa na bibi yake na kufanya kazi ya machinjio, ambaye dunia ilimjua kwa picha za simu zilizomwonyesha akijizoeza na magurudumu chakavu na madumu, anachutama, anaruka, anachutama tena, juu ya udongo mwekundu. Mwaka 2023, baada ya taabu ya viza, alifika Maryland akajiunga na Frederick Keys katika ligi ya vijana wanaotazamwa na klabu kubwa. Kutazamwa si kusajiliwa, nami simpambi kwa lisilokuwa lake. Lakini kijana aliyeanza bila vifaa akaja kuvaa barakoa, kinga na glavu kamili, ameipita katika miaka michache safari iliyowachukua wadakaji wa kale miaka 30 na zaidi.

Kwetu Tanzania mbegu imepandwa na Mjapani Shinya Tomonari, na shule ya Azania, Dar es Salaam, imekuwa kitovu cha mchezo huu. Walimu wa michezo wa Mafia mnaosoma haya, kutoka Kilindoni ni chombo cha kwenda Nyamisati na basi la kuingia mjini. Siku mkipata nauli ya vijana wawili, wachukueni wakatazame. Na mmoja wao awe katika wale wanaopokea nazi.