Hatari zinazomkabili mgonjwa baada ya kupandikizwa uloto

Kupandikizwa uloto kunaweza kumponya mgonjwa wa saratani ya damu au thalasemia, lakini hatari kubwa hubakia katika siku zinazofuata. Hospitali ya Christian Medical College ya Vellore, kusini mwa India, ilianza kutoa tiba hiyo mwaka 1986.

Kwanza mgonjwa hupewa dawa kali zinazoua uloto wake. Kwa wiki mbili hadi nne, chembechembe nyeupe zinazopambana na maradhi huwa karibu hazipo. Hapo bakteria sugu na fangasi wanaosambaa kwa vumbi hupata mwanya. Kifua kikuu kilichojificha mwilini nacho huweza kuamka, sawa na virusi vya saitomegalo, ambavyo Wahindi wengi huambukizwa tangu utotoni.

Aidha, chembechembe za mchangiaji huweza kushambulia ngozi, ini na utumbo wa aliyepandikizwa. Dawa za kuzuia mashambulizi hayo, kwa bahati mbaya, huidhoofisha tena kinga. Kwa watoto wenye thalasemia, ini lililojaa madini ya chuma kutokana na kuongezewa damu mara kwa mara huwa katika hatari ya mishipa yake midogo kuziba.

Siku 100 za mwanzo huhitaji uangalizi wa karibu mno. Aliyetoka mbali hulazimika kupanga chumba jirani na hospitali, huku familia nyingi zikijilipia dawa. Anayerudi kijijini mapema kwa kuishiwa fedha huwa mbali na maabara inayoweza kugundua virusi kabla hajaanza kuugua.