Baiskeli ya magurudumu matatu: Mambo ya kuzingatia kabla ya kuchagua

MTU aliyeumia uti wa mgongo, aliyepooza miguu au mwenye maumivu ya nyonga hapaswi kuchukua baiskeli ya magurudumu matatu kwa kuwa tu imepatikana. Isiyomfaa yaweza kumsababishia vidonda au kumpindua barabarani.

Kwa mkazi wa Shelui, wilayani Iramba, mkoani Singida, suala hilo lina uzito wa pekee. Mji huo uko chini ya Mlima Sekenke, kando ya barabara kuu ya lami iendayo Nzega, ambako malori hupita mchana na usiku. Nje ya lami kuna mchanga, na masika udongo mweusi wa mbuga hunasa magurudumu.

Mwenye nguvu za miguu lakini asiyeweza kujizuia asianguke anafaa baiskeli ya kukanyagia yenye magurudumu mawili nyuma. Anayesumbuliwa na mgongo aweza kupendelea ile ya kiti cha chini chenye egemeo, ambayo kanyagio zake ziko mbele. Hiyo hupunguza uzito mikononi na kiunoni, ila ni vigumu kuinuka kutoka kitini, na cheni yake ni ndefu kuliko ya kawaida.

Asiyeweza kutumia miguu huhitaji ya kuendeshwa kwa mikono, ambayo kwa kawaida cheni huzungusha gurudumu la mbele. Mkono ufikapo mbali kabisa, kiwiko kibaki kimekunjika kidogo. Vinginevyo mabega huumia.

Kiti ndicho cha kuangaliwa zaidi. Asiyehisi makalio yake hupata vidonda vya mgandamizo bila kujua, navyo vikiingiwa na vijidudu huweza kuua. Awe na mto mzuri, ajiinue mara kwa mara, na miguu yake ifungwe mahali pake isije ikaingia kwenye spoki.

Aidha, breki iwe na kifungio cha kuizuia baiskeli isisogee mtumiaji anapopanda au kushuka. Kwa kuwa kiti kiko chini, bendera ndefu na viakisi mwanga ni vya lazima kwenye barabara ya malori. Kwenye mlima, gurudumu la mbele huweza kuteleza, hivyo ni busara kuwa na msaidizi.

Matairi yawe ya kipimo kinachouzwa gulioni, kama inchi 28 za baiskeli za Phoenix, ili fundi wa kijijini aweze kuyahudumia.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2008 kuhusu viti vya magurudumu uliweka hatua nane, kuanzia rufaa na kupimwa hadi mafunzo na ufuatiliaji. Utaratibu huo unafaa pia kwa baiskeli hizi.

Mhitaji aanzie kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya wilaya au mkoa, ambaye aweza kumpa rufaa kwenda KCMC mjini Moshi, au MOI na CCBRT jijini Dar es Salaam.

Hata hivyo, baiskeli hiyo ni ya safari. Ni ndefu mno kugeuzwa ndani ya nyumba, kwa hiyo asiyeweza kutembea atahitaji pia kiti cha magurudumu.