Mtoto Kama Mwalimu wa Kompyuta: Chimbuko la Lugha ya Logo

Lugha za programu za watoto huelezwa mara nyingi kana kwamba ni lugha za wakubwa zilizorahisishwa. Makala hii inapinga maelezo hayo. Historia ya Logo, iliyobuniwa mwaka 1967, inaonesha kwamba mzizi wake ni nadharia ya namna mtoto anavyojenga maarifa.

Logo ilizaliwa katika kampuni ya utafiti ya Bolt, Beranek and Newman, Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani. Miongoni mwa waasisi wake ni Wallace Feurzeig, Seymour Papert, Cynthia Solomon na Daniel Bobrow. Miaka mitatu kabla, lugha ya BASIC ilikuwa imeanza kutumika katika Chuo cha Dartmouth, lakini walengwa wake walikuwa wanafunzi wa chuo. Papert, mzaliwa wa Pretoria, alikuwa amefanya kazi Geneva na Jean Piaget, mwanasaikolojia aliyeshikilia kwamba mtoto huyajenga maarifa mwenyewe kwa kutenda.

Msimamo huo uliamua umbo la lugha. Logo iliegemezwa kwenye Lisp, lugha ya watafiti wa akili mnemba, ambayo nguvu yake ni kushughulikia maneno na orodha. Toleo la kwanza halikuwa na michoro. Watoto walicheza na maneno na sentensi. Kobe, roboti ya sakafuni na baadaye alama kwenye skrini, alikuja miaka michache baadaye.

Kobe ndiye anayeidhihirisha nadharia hiyo waziwazi. Ili kuchora mraba, mtoto humwamuru aende mbele hatua 100, ageuke kulia nyuzi 90, arudie mara nne. Maagizo hayo akiyapa jina, kompyuta imejifunza neno jipya, na aliyeifundisha ni mtoto. Sasa ajaribu pembetatu ya pande sawa. Akitumia nyuzi 60, kwa kuwa ndiyo pembe ya ndani anayoijua, pande hazikutani. Kinachotokea ni nusu ya umbo la pande sita. Akisimama na kuitembea njia ya kobe kwa miguu yake, atatambua kwamba kobe hugeuka kwa pembe ya nje, yaani nyuzi 120. Kosa limemfikisha kwenye kanuni ya jiometri bila mtu kumkaririsha.

Wapo waliopinga. Mwaka 1984 Roy Pea na Midian Kurland, wa Bank Street College, New York, walitilia shaka dai kwamba kujifunza programu kunakuza kwa jumla uwezo wa kufikiri. Papert alijibu kwamba lugha ya kompyuta haiwezi kupimwa kama dawa, ikitengwa na utamaduni wa kujifunza unaoizunguka. Kwa maoni yangu, shaka hiyo inaitia nguvu hoja ya makala hii: amri za Logo zikifundishwa bila nadharia iliyozizaa, zinabaki amri tu.

Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick huko MIT, ni mrithi wa fikra hizo, na leo inapatikana hata kwa Kiswahili. Walimu wetu wasiigeuze kuwa somo la kunakili kutoka ubaoni. Mtoto apewe nafasi ya kukosea, kuchunguza kosa lake na kulirekebisha mwenyewe, kwa sababu hilo ndilo lililokusudiwa tangu mwanzo.