Ukarabati wa Jumba la Westminster

Ukarabati wa Jumba la Westminster ni mradi wa kubadilisha mifumo ya umeme, maji, joto na hewa katika jengo la Bunge la Uingereza mjini London. Jengo hilo liko kando ya mto Thames na limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1987. Kwa sababu hiyo kuta, dari na sakafu zake haziwezi kubomolewa ovyo ili kupitisha mabomba na nyaya mpya.

Historia ya jengo

Jumba la awali liliteketea tarehe 16 Oktoba 1834. Moto ulianzia katika tanuri zilizokuwa chini ya ukumbi wa Bunge la Malodi, ambamo vijiti vya kale vya hesabu za serikali vilikuwa vikichomwa. Jengo jipya lilisanifiwa na Charles Barry akisaidiwa na Augustus Pugin, na ujenzi ulianza mwaka 1840. Lina vyumba zaidi ya 1,100.

Ndani ya kuta ziliachwa njia nyingi za wima za kupitishia hewa. Mnara wa katikati ulikusudiwa kutoa nje hewa chafu, kama bomba la moshi.

Mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ukumbi wa Bunge la Makabwela uliharibiwa na mabomu ya Ujerumani. Ulijengwa upya na kufunguliwa mwaka 1950.

Hali ya mifumo

Sehemu kubwa ya mitambo ilifungwa katika ukarabati wa baada ya vita, na muda wake wa matumizi umekwisha zamani. Kila kizazi kiliongeza mabomba na nyaya zake bila kuondoa za zamani. Hivyo katika njia za chini ya jengo mabomba ya mvuke, gesi, maji safi na maji taka yamebanana na nyaya za umeme na mawasiliano. Fundi anayetaka kufikia bomba moja hulazimika kwanza kupita mengine.

Kuna hatari mbili kubwa. Ya kwanza ni asbesto, iliyotumiwa kukinga joto la mabomba: ikiguswa hutoa vumbi linaloweza kusababisha saratani. Ya pili ni moto, kwa kuwa njia za hewa zinaweza kupeleka moshi na miali ghorofa hadi ghorofa. Kwa hiyo walinzi wa moto hulikagua jengo usiku na mchana.

Mradi

Mwaka 2016 kamati ya pamoja ya mabunge yote mawili ilipendekeza wabunge wahamie kwingine kwa muda, kwa sababu kazi kufanyika huku vikao vikiendelea ingechukua miaka mingi zaidi na kuongeza hatari. Mapema mwaka 2018 mabunge yote mawili yaliunga mkono kuhama, na mwaka 2019 sheria ya kusimamia mradi ilipitishwa. Hata hivyo mabishano kuhusu gharama, inayokadiriwa kuwa mabilioni ya pauni, na kuhusu kuhama kwenyewe yaliendelea.

Wakati huohuo jengo linaendelea kutumika, na matengenezo ya dharura hufanyika hasa usiku na wakati wa likizo za Bunge.