Kuutetea Mkoleo

Kwenye ukuta wa kituo kimoja cha afya hapa Luberizi, kando ya dirisha la kuchukulia dawa, imebandikwa karatasi inayowaagiza akina mama wapanguse vitasa, simu na vipimajoto vya nyumbani kwa "pombe kali ya kusugua ya nyuzijoto 70". Chini yake pana nembo za wafadhili, moja baada ya nyingine, zenye rangi za kupendeza. Jina la mfasiri halipo, na mimi katika nafasi yake ningejificha vivyo hivyo.

Nimeiandikia kamati inayohusika barua mbili zenye adabu. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa na mtu aliyenishukuru kwa "moyo wangu wa kujitolea" na kunikumbusha kwamba istilahi hupitishwa na wataalamu vikaoni. Basi acha wasomaji wawe kikao changu. Katika maneno yale machache mna makosa manne, nami nitayachukua kwa zamu, nikianza na mepesi.

La kwanza ni pombe. Neno alkoholi, ambalo Wazungu wametuletea kama lao, ni la Kiarabu: al-kuhl. Na al-kuhl ni wanja, ule unga wa antimoni ambao wanawake wa pwani waliujua kwa jina la wanja wa manga kabla meli yoyote ya Mzungu haijatia nanga Mombasa. Unga ule ulisagwa hadi ukawa laini kupita kiasi, na taratibu jina lake likawa jina la chochote kilichosafishwa hadi kikabaki kiini. Katika karne ya 16 Paracelsus akalitumia kwa kiini cha mvinyo. Mvinyo ukaachwa njiani, kiini kikabaki na jina. Kwa hiyo anayetamka alkoholi anatamka wanja bila kujijua, hatamki pombe. Pombe ni kitu kilichochachuka kikanywewa. Mwambie mtu wa uwanda huu wa Ruzizi asafishe simu yake kwa pombe kali, atavuka barabara kwenda kununua kanyanga, na akirudi na chupa usimkaripie, kwa maana umemwagiza mwenyewe.

Tusidhani ni hatari ya wanakijiji tu. Aprili 2020, korona ilipokuwa imeingia Kenya, aliyekuwa gavana wa Nairobi, Mike Sonko, alitangaza kwamba vifurushi vya msaada vingekuwa na chupa ndogo za Hennessy, akiziita dawa ya kutakasia koo. Hennessy ina alkoholi asilimia 40, kiasi ambacho hakitoshi kutakasa hata kitasa cha mlango. Kampuni yenyewe ilibidi ijitokeze kukanusha. Afrika Mashariki nzima ilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona yanayotokea pale kitu cha kunywa na kitu cha kupangusia vinapoitwa kwa jina moja. Kiswahili kina bahati ya kuwa na majina mawili, pombe na alkoholi, halafu anatokea mfasiri analitupa moja. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaosema spiriti sina ugomvi nao. Neno hilo nalo lina nasaba yake, kwani kwa Kilatini ni pumzi, na waliokeneka mvinyo zamani waliuona mvuke ukipanda wakadhani ni roho yake inayotoka. Ni kosa, lakini ni kosa zuri.

Kosa la pili, kusugua, ni la mtu aliyefungua kamusi akachukua neno la kwanza alilokutana nalo. Jina la Kimarekani lililotafsiriwa hapo, rubbing alcohol, lilizaliwa mikononi mwa wachuaji: ilikuwa dawa ya kupaka misuli iliyochoka na migongo ya wagonjwa waliolala muda mrefu. Kazi hiyo kwa Kiswahili ni kuchua. Kusugua ni kwa sufuria na kwa visigino, na anayemsugua mgonjwa aliyelala wiki tatu anastahili kushtakiwa. Lakini hata kuchua kumeshapitwa na wakati. Mwaka 1920 Standard Oil ya New Jersey ilianza kutengeneza isopropanoli kutokana na gesi za petroli, na leo chupa nyingi za Marekani zenye jina hilo zimejaa isopropanoli hiyo, ambayo hainywewi kabisa. Zinazouzwa katika farmasi zetu kwa kawaida ni ethanoli. Zote mbili leo kazi yake nyumbani ni kupangusa. Iitwe, basi, alkoholi ya kupangusia, na aliyezoea kusugua aendelee na sufuria zake.

La tatu ni nyuzijoto, na hapa nashindwa kuuficha uchungu wangu. Digrii zilizoandikwa kwenye chupa ya farmasi hazipimi joto. Ni digrii za Louis Joseph Gay-Lussac, Mfaransa aliyechapisha mwaka 1824 maelekezo ya kipima-alkoholi chake: kijiti cha kioo kinachoelea, kimegawanywa sehemu mia, sifuri kwa maji matupu, mia kwa alkoholi tupu. Digrii 70 ni sehemu 70 za alkoholi katika kila sehemu 100 za ujazo. Joto linaingia mahali pamoja tu: kijiti chake kilitengenezwa kisomwe kwenye selsiasi 15. Kwa hiyo katika habari nzima kuna nyuzijoto za aina moja, nazo ni 15, wala haziandikwi kwenye chupa. Hapa Luberizi siku joto likishuka hadi hapo watu watatoka nje kuuliza kumetokea nini.

Mama mmoja aliyeisoma karatasi ile aliniuliza kama ni lazima aipashe kwanza ili zifike hizo 70. Aipashe wapi? Juu ya mbabula. Alkoholi, juu ya makaa! Sisi tunaoishi hatua chache kutoka Sange, na tunaoikumbuka Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka na moto ukateketeza watu zaidi ya 200, hatuwezi kuliita hilo kosa la sarufi tu.

Wauza dawa wetu hawana kamati, na wamekuwa waangalifu zaidi. Wao husema septante na nonante, yaani 70 na 90. "Unataka alikoli ya septante ao ya nonante?" Namba hizo ni urithi wa Wabelgiji, Mfaransa wa Paris hazisemi, yeye huhesabu sitini na kumi, kisha mara nne ishirini na kumi, kama mtu anayedaiwa na hataki jumla ijulikane. Mkongomani amerithi namba fupi, akazigeuza jina la bidhaa. Septante dukani si 70 tena. Ni chupa ile pale. Naliheshimu hilo. Lakini jina la chupa haliwezi kufanya kazi ya istilahi, kwa kuwa ukiulizwa septante ni 70 ya nini, unabaki unatazama dari.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye kosa la nne, lililo kubwa kuliko yote matatu: kali.

Ukali ni sifa ya kisu, ya mbwa, ya jua la saa saba na ya walimu wa zamani. Vyote hivyo vina tabia moja: kikizidi ukali, kinazidi kufanya kazi yake. Kisu kikali zaidi hukata zaidi. Mnunuzi akishaambiwa kwamba ukali ndio unaoua vijidudu, ataomba chupa kali kuliko zote, na atailipia zaidi. Nani atamlaumu? Lugha ndiyo iliyomwongoza. Lakini alkoholi haina tabia ya kisu. Kati ya 60 na 90 inaua vizuri. Chini ya 50 inalegea upesi. Na ikipita 90 inaanza kushindwa tena, kwa sababu inahitaji maji ili ipenye ndani ya kijidudu na kuzigandisha protini zake. Ikikosa maji huzigandisha juu juu tu na kupaa kabla haijamaliza kazi, kama andazi lililotiwa kwenye mafuta ya moto mno: nje limeungua, ndani unga mbichi. Hata Shirika la Afya Duniani, lilipotoa fomula ya dawa ya mikono inayoweza kutengenezwa kwenye vituo vyetu, halikukimbilia 96: liliweka ethanoli 80 au isopropanoli 75. Kilele kiko kabla ya mwisho wa ngazi. Neno kali halijui kitu kama hicho.

Kiswahili kina kitenzi kinachokijua, na kimekaa jikoni miaka yote hii kikisubiri kuitwa. Ni kukolea. Sombe ikitiwa chumvi haba, haijakolea. Ikitiwa ya kutosha, imekolea, na mlaji ananyamaza. Ikipita hapo mlaji husukuma sahani na kusema chumvi imezidi. Tazameni uzuri wake: kitenzi kimoja kinabeba kipimo na hukumu kwa pamoja. Rangi ya kitenge hukolea, moto hukolea, hadithi hukolea, na kila mahali maana ni ile ile, kwamba kitu kimeingia ndani ya kingine hadi kikafika. Alkoholi ya 40 haijakolea. Ya 70 imekolea. Ya 95 imezidi. Mama yeyote wa uwanda huu ameshaelewa kemia niliyoieleza hapo juu kabla sijamaliza kuieleza.

Kutoka kukolea napata nomino: mkoleo, wingi mikoleo. Hapa ndipo wapinzani wangu walipopata la kusema.

Wa kwanza wanasema "mkusanyiko". Hao walitafsiri neno la Kizungu kipande kwa kipande, wakatuletea "mkusanyiko wa asilimia 70". Mkusanyiko ni wa watu, na kwetu ukiwa mkubwa huitiwa polisi. Tuendelee.

Wa pili ni watu ninaowaheshimu, na ndio maana wananiudhi zaidi. Wao hushikilia "ukolezi". Ukolezi unatoka kukoleza, kutia kitu hadi kikolee. Ni kazi ya mpishi. Mimi natafuta jina la hali ya mchuzi. Lugha imeshatuamulia jambo hili mahali pengine: kuna kuelekea na kuelekeza, na kila mtu anajua kwamba njia ina mwelekeo, ilhali uelekezi ni wa anayetuonyesha njia. Hakuna dereva wa barabara ya Ngomo atakayeuliza uelekezi wa Kamanyola uko upande gani. Ikiwa mwelekeo umetoka kuelekea, mkoleo umetoka kukolea, kwa mlango ule ule. Niliwasilisha hoja hii mbele ya bwana mmoja mwenye cheo. Alitikisa kichwa akasema ukolezi "umeshazoeleka". Umezoeleka kwa nani? Kwa yeye na waliokaa naye mezani.

Wa tatu alidhani amenimaliza. Alisema mkoleo unamkumbusha koleo, chombo cha mfua chuma, na kwamba watu watachanganyikiwa. Kwa mantiki hiyo tuutupe mwiko wa kusongea ugali, kwa kuwa uko mwiko mwingine wa kukataza mambo. Sijawahi kumwona mtu aliyesonga ugali kwa katazo.

Mkoleo unazaa pia, na istilahi isiyozaa ni mzigo. Mkoleo wa ujazo ni ule wa Gay-Lussac. Mkoleo wa uzito ni mwingine, na tofauti si ndogo: alkoholi ya mkoleo wa ujazo 70 ina mkoleo wa uzito wa takriban 62 tu. Anayeongeza alkoholi anakoleza. Hapo ndipo nawarudishia wapinzani wangu kitenzi chao, kikiwa mahali pake. Anayeongeza maji anazimua, neno la zamani la wagema na wapika uji, ambalo wasomi wetu wamelisahau wakaenda kuazima.

Matumizi? Kwa kifupi, maana nafasi inaisha. Nunua septante, ukikuta nonante tu, mimina mililita 778 kwenye chombo cha lita moja, kisha jaza hadi alama kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, bila kupima maji pembeni, kwa sababu viwili hivyo vikikutana ujazo hupungua kidogo. Futa uchafu kwa sabuni kwanza, pangusa, acha pabaki na unyevu mpaka pakauke penyewe. Kaa mbali na mbabula, usipanguse nayo meza iliyopakwa vanishi, na sakafu iliyochafuliwa na mgonjwa wa kipindupindu iachie klorini, jambo ambalo barabara yote ya kuelekea Uvira inalijua kuliko mimi.

Karatasi bado iko ukutani. Jana nilipita nikakuta pembe yake moja imebanduka. Naapa si mimi. Nimeambiwa suala hili litaangaliwa kwenye kikao kijacho, na tarehe ya kikao kijacho itapangwa kwenye kikao. Wakati nikiandika haya nilikuwa na chupa ya septante mezani kama shahidi, na kwa hasira nimeifungua na kuinusa sijui mara ngapi, kisha nikaisahau wazi tangu asubuhi. Alkoholi hupaa haraka kuliko maji. Kwa hiyo mkoleo wa chupa yangu sasa hivi si 70 tena, na kosa hilo siwezi kuliandikia kamati barua.