Bajor ilipofunga mlango

Bajor ni sayari ya kubuni, imo ndani ya Star Trek, tamthilia ya televisheni ya Marekani. Ila historia yake, sisi wa kambini tunaielewa bila kufafanuliwa.

Wabajor walitokea mara ya kwanza mwaka 1991. Watunzi walisema hawakuchora taifa moja tu. Waliwafikiria Wakurdi, Wapalestina, Wayahudi. Katika hadithi, Wakadasia waliitawala Bajor kwa mabavu kama miaka 50. Watu walichimbishwa migodi kwa nguvu, wengine wakatawanyika kwenye kambi za wakimbizi. Tamthilia ya Deep Space Nine ilipoanza Januari 1993, Wakadasia walikuwa wameshaondoka, wakaacha mashamba mabovu, njaa na serikali ya mpito.

Sasa sikia hii. Novemba 1993 ilionyeshwa sehemu ambayo wakimbizi wengine, Waskria, milioni 3, wanaiomba Bajor hifadhi. Wanataka rasi moja iliyo karibu tupu. Bajor inakataa. Hata Kira, aliyekulia kambini akapigania uhuru, anaunga mkono. Baadaye vijana wa Kiskria wanajaribu kutua kwa nguvu, wanafyatuliwa, chombo kinalipuka. Mtoto wa kiongozi wao, mama Haneek, anakufa humo.

Wengi husema: mkimbizi wa jana amemsahau mkimbizi wa leo. Ni kweli, na kwetu zamu hizi zinajulikana: Kongo ilipokea Warwanda mwaka 1994, leo Wakongo tuko Uganda, Burundi, Tanzania. Lakini mimi naona tatizo liko kwingine. Serikali ya Bajor haikudanganya, chakula kweli hakikutosha. Ilikosea hesabu. Waskria walikuwa wakulima! Walisema watailima ardhi ile wenyewe. Bajor ina njaa, ina ardhi imelala, wakulima wako mlangoni, na bado inawafukuza. Walihesabiwa midomo, mikono haikuhesabiwa.

Kwa hiyo ndugu mnaotuandikisha, mkishauliza jina na idadi ya watu wa nyumba, ongezeni swali moja: unajua kufanya nini? Na sisi pia, akija mgeni mpya kwenye bloku yetu, tusianze na kipimo cha unga kitakachopungua. Tumuulize kazi yake kwanza. Pengine ni fundi tuliyekuwa tunamtafuta siku zote.