Kompyuta inapogoma kuwaka baada ya kuwekewa mfumo mpya: hatua za kufuata kabla ya kufuta chochote

Katika maduka ya sekretarieti yaliyo kati ya Kamembe na mpaka wa Rusizi II, wilayani Rusizi, kompyuta moja mara nyingi ndiyo inayobeba kazi yote: barua za wateja, maombi ya huduma za serikali kupitia Irembo, hesabu za ushirika na tasnifu za wanafunzi. Mashine hiyo inapowekewa mfumo endeshi mpya kisha ikakataa kuwaka, mwenye duka huona kazi ya miaka mingi imepotea kwa asubuhi moja.

Mara nyingi haijapotea. Kuharibika kwa njia ambayo kompyuta huifuata ili iwake si sawa na kuharibika kwa mafaili yaliyomo ndani ya diski. Hasara kubwa kwa kawaida huja baadaye, pale mtu anapoamua kwa haraka kufuta diski yote na kuanza upya. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutambua mahali kompyuta ilipokwama, na jinsi ya kuirejesha kwa kuanza na hatua zisizogusa mafaili yako.

Kwa nini wengi wanabadilisha mfumo

Kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, miaka 10 baada ya mfumo huo kutolewa. Wenye kompyuta wamejikuta na njia mbili kuu: kuhamia Windows 11, au kuweka mfumo wa Linux kama Ubuntu, ambao ni wa bure.

Windows 11 ina masharti: kumbukumbu ya GB 4 au zaidi, nafasi ya GB 64 katika diski, na kifaa kidogo cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Kompyuta nyingi za mitumba hazitimizi masharti hayo, na baadhi ya mafundi huulazimisha mfumo uingie kwa njia za mkato. Kwa mashine za zamani sana hilo halifai kitu: toleo la 24H2, lililotolewa mwaka 2024, haliwaki kabisa kwenye prosesa zisizo na maagizo yaitwayo SSE4.2. Hapo hakuna la kurekebisha. Mashine hiyo inahitaji mfumo mwingine.

Sababu ya pili ni umeme. Jina Rusizi II ni la mpaka, lakini pia ni la kituo cha umeme wa maji kilichoanza kazi mwaka 1989, kinachoendeshwa na SINELAC, kampuni ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hata hivyo, kuishi jirani na mitambo si kinga dhidi ya umeme kukatika. Umeme ukikatika wakati mfumo unaandikwa kwenye diski, kompyuta hubaki na mfumo nusu, na mfumo nusu hauwaki.

Kompyuta huwakaje?

Safari ya kuwaka ina vituo vinne. Kwanza, vifaa hupata umeme na kujikagua. Pili, programu ya msingi iliyomo kwenye ubao mkuu, inayojulikana kama BIOS au UEFI, hutafuta diski yenye mfumo. Tatu, programu ndogo ya kuanzishia iliyo ndani ya diski hiyo huuita mfumo wenyewe. Nne, mfumo hupakia draiva za vifaa na kukufikisha kwenye nenosiri. Ukijua kompyuta imekwama kituo gani, umejua nusu ya tiba.

Tambua ilipokwama

Ikiwa skrini ni nyeusi kabisa, au mashine inalia milio mifupi bila kuonyesha nembo yoyote, tatizo huenda liko kwenye vifaa: kumbukumbu, skrini, betri au chaja. Kuweka mfumo upya hakutasaidia.

Ikiwa nembo ya mtengenezaji inaonekana kisha yanatokea maneno kama "No bootable device" au "Operating system not found", kompyuta haikuona diski yenye mfumo. Chomoa kwanza fleshi iliyotumika kuweka mfumo, kwa kuwa mashine inaweza kuwa inajaribu kuwaka kupitia hiyo. Kisha ingia kwenye mipangilio ya BIOS mara tu unapowasha: kwa kompyuta nyingi za HP ni kitufe cha F10, Dell, Acer na Asus ni F2, Lenovo ni F1 au F2. Hakikisha diski inaonekana na imepewa nafasi ya kwanza. Angalia pia kama mashine imewekwa kwenye hali ya UEFI au ya zamani iitwayo Legacy. Mfumo uliowekwa katika hali moja hauwaki katika nyingine.

Ikiwa nembo ya Windows inaonekana kisha skrini ya kosa inakuja na maneno "INACCESSIBLE BOOT DEVICE", uliza kama kuna mtu aliyebadilisha namna diski inavyosomwa ndani ya BIOS, kati ya AHCI na RAID. Kurudisha mpangilio wa awali mara nyingi huiponya mashine papo hapo.

Ikiwa duara la kusubiri linazunguka bila mwisho, usizime haraka. Masasisho makubwa kwenye diski ya zamani inayozunguka yanaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Tazama taa ya diski: ikiwa inapepesa, kazi bado inaendelea.

Hatua za kuirejesha Windows

Chomoa kila kitu kisichohitajika, yaani printa, fleshi, modemu na diski za nje, kisha ujaribu kuwasha. Ikishindikana, ingia kwenye mazingira ya urejeshaji. Njia moja ni kuizima kompyuta kwa kubonyeza kitufe cha umeme kwa muda mrefu wakati nembo ya Windows inapoonekana, na kurudia hivyo mara mbili hadi tatu. Katika uwashaji unaofuata mfumo wenyewe utafungua ukurasa wa ukarabati. Njia nyingine ni kuwasha kupitia fleshi yenye Windows na kuchagua "Repair your computer" badala ya kuweka mfumo upya.

Ukurasa huo hutokea kwa Kiingereza au Kifaransa, kulingana na mfumo uliowekwa. Chagua "Troubleshoot", au "Dépannage" kwa Kifaransa, kisha "Advanced options", yaani "Options avancées". Fuata mpangilio huu, na usiruke hatua.

Kwanza, "Startup Repair". Hii hukagua programu ya kuanzishia na kuirekebisha yenyewe. Haigusi mafaili yako.

Pili, "Uninstall Updates". Ikiwa tatizo lilianza baada ya sasisho, liondoe hapa.

Tatu, "Startup Settings", kisha "Restart", halafu bonyeza 4 au F4. Kompyuta itawaka katika hali salama, ikiwa na draiva chache tu. Ikiwaka hivyo, jua kwamba mfumo ni mzima na mkosaji ni draiva au programu fulani. Iondoe, hasa ile iliyowekwa mwisho.

Nne, "System Restore". Hii huirudisha mipangilio ya mfumo kwenye siku ya nyuma ikiwa alama ya kurejea ilikuwa imehifadhiwa. Nyaraka zako hubaki, ila programu zilizowekwa baada ya siku hiyo huondoka.

Tano, "Command Prompt", kwa anayejua amri. Amri ya chkdsk hukagua diski, na bcdboot huandika upya programu ya kuanzishia. Tahadhari: katika mazingira haya herufi za diski zinaweza kubadilika, na diski uliyozoea kuiita C ikawa D. Hakikisha kabla ya kuandika chochote.

Ikiwa hatua hizi zote zimeshindwa, toa mafaili kwanza, kisha ndipo uendelee. Andaa fleshi ya Ubuntu kwenye kompyuta nyingine, washa kupitia hiyo na uchague kuijaribu bila kuiweka. Ubuntu itafanya kazi kutoka kwenye fleshi, na utaweza kufungua diski ya ndani na kunakili nyaraka kwenye diski ya nje.

Baada ya hapo ndipo utumie "Reset this PC". Soma kwa makini machaguo mawili yanayotokea. "Keep my files" hubakiza nyaraka zako lakini huondoa programu ulizoweka. "Remove everything" hufuta vyote. Tofauti ya maneno hayo machache ndiyo tofauti kati ya kupona na kupoteza.

Kwa waliohama kutoka Windows 10 kwenda 11 na kompyuta inawaka lakini haifanyi kazi vizuri, kuna siku 10 za kurudi kwenye mfumo wa awali kupitia mipangilio, sehemu ya "Recovery". Muda huo ukipita, kabrasha la Windows.old linalohifadhi mfumo wa zamani hufutwa.

Kompyuta ikidai ufunguo wa tarakimu 48

Wengine hukutana na skrini ya buluu inayodai ufunguo wa BitLocker. Hii ina maana kwamba diski imesimbwa kwa siri, na kompyuta imegundua mabadiliko, kwa mfano katika BIOS. Si virusi. Katika kompyuta nyingi mpya usimbaji huo hujiwasha wenyewe pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila yeye kutambua.

Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika wakati wa kuanzisha kompyuta. Kwa simu au mashine nyingine, ingia kwenye akaunti hiyo kupitia anwani aka.ms/myrecoverykey. Ikiwa aliyeanzisha ni fundi au muuzaji, na alitumia akaunti yake, mtafute yeye. Bila ufunguo, mafaili hayafunguki hata kwa kuhamishia diski kwenye kompyuta nyingine.

Dunia iliona uzito wa jambo hili tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa na Microsoft kuwa milioni 8.5. Dawa ilikuwa ndogo: kuingia katika hali salama na kufuta faili moja. Lakini ilibidi mashine nyingi ziguswe moja baada ya nyingine, na zile zilizosimbwa zilidai ufunguo kwanza.

Kwa waliohamia Ubuntu

Neno "grub rescue" likitokea, programu ya kuanzishia haipati sehemu yake kwenye diski. Washa kupitia fleshi ya Ubuntu na uirekebishe kutoka hapo. Programu iitwayo Boot-Repair hufanya kazi hiyo kwa waliounganishwa na intaneti. Ikiwa Ubuntu ilikuwa ikiwaka kisha ikagoma baada ya sasisho, bonyeza Esc, au Shift kwa mashine za zamani, mara baada ya kuwasha. Chagua "Advanced options for Ubuntu", kisha toleo la awali la kiini cha mfumo.

Wanaotumia Windows na Ubuntu katika kompyuta moja wazime ndani ya Windows kipengele cha "Fast startup". Kikiwa kimewashwa, Windows haijifungi kabisa inapozimwa, na diski yake inaweza kukataa kuandikwa kutoka Ubuntu.

Ukienda kwa fundi

Mweleze mambo matatu: nini kilifanyika kabla ya tatizo, maneno gani yanaonekana kwenye skrini (yapige picha kwa simu), na mafaili gani ni lazima yabaki. Mwambie waziwazi asifute diski kabla ya kukuuliza. Kumbuka pia kwamba nakala za vitambulisho na pasipoti za wateja wako si mali yako peke yako: sheria ya Rwanda ya mwaka 2021 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi inamtaka anayezihifadhi kuzilinda.

Ikiwa diski imekwisha kufutwa, acha kuitumia mara moja. Kwenye diski ya zamani inayozunguka, mtaalamu anaweza kurudisha sehemu ya yaliyokuwamo, mradi hayajaandikwa juu yake mengine. Kwenye diski za kisasa za SSD, matumaini ni madogo, kwa kuwa zenyewe husafisha nafasi iliyoachwa.

Kabla ya kuweka mfumo mwingine

Nakili nyaraka zako kwenye diski ya nje, kisha uichomoe na kuifungua kwenye kompyuta nyingine ili kuhakikisha zinasomeka. Andika ufunguo wa BitLocker kwenye karatasi na uuweke mahali pasipo na kompyuta hiyo. Chaji betri hadi ijae. Kwa kompyuta ya mezani, tumia kifaa cha kuhifadhi umeme. Pakua mfumo kutoka tovuti ya mtengenezaji kwenye fleshi ya GB 8 au zaidi, na baada ya kazi usiifute fleshi hiyo. Siku kompyuta itakapogoma tena, fleshi hiyo ndiyo itakayokufungulia mlango.